Mgeni Asiyebisha Hodi: Kuwalinda Watoto Wetu Katika Mitandao

  

Wazee wetu wa Pwani walijenga nyumba kwa hekima. Nje palikuwa na baraza, na hapo ndipo mgeni alipoketishwa, akapewa kahawa na kuulizwa habari zake. Aliyeaminika zaidi alikaribishwa ukumbini. Ama vyumba vya ndani vilikuwa vya ahali peke yao, na hata jamaa wa karibu hakupita huko pasi na kubisha hodi na kuitikiwa. Utaratibu huu haukuwa wa kiburi wala wa kuwachukia watu. Ulikuwa ni kuijua daraja ya kila anayekuja, na kuihifadhi stara ya kina mama na watoto.

Msingi wake umo katika Sura ya An-Nur. Aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Aya ya 58 inakwenda mbali zaidi: inawafundisha hata watoto wa ndani ya nyumba waombe idhini katika nyakati tatu, yaani kabla ya Swala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Swala ya Isha. Dini iliyomfunza mtoto abishe hodi kwa wazazi wake mwenyewe haiwezi kuwa imeridhia mtu baki aingie kwa mtoto bila hodi.

Lakini hivyo ndivyo mambo yalivyo leo. Mtu ambaye hatujui kwao, wala jina lake la kweli, wala umri wake, anaingia moja kwa moja mpaka kitandani kwa binti yetu saa nne za usiku. Hakupita barazani. Baba yumo chumba cha pili amelala, mama anamalizia kuandaa unga wa mahamri ya kesho, na mazungumzo yanaendelea chini ya shuka. Makala hii inawahusu wazazi, walezi, walimu wa shule na maustadhi wa vyuo vya Qur'ani, maana mlango huu hauwezi kulindwa na mtu mmoja.

Hatari ni ya zamani, njia ndiyo mpya

Wakaazi wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa hawahitaji kufundishwa kwamba wako watu wanaowawinda watoto. Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya walichapisha uchunguzi juu ya unyonyaji wa watoto katika utalii wa Pwani, na Malindi na Kilifi zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa. Uchunguzi huo ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Pwani walikuwa wametumbukizwa katika biashara hiyo. Jambo lililowashitua wengi ni kwamba waliowanunua hawakuwa wageni wa Ulaya tu. Wakenya wenyewe walikuwa kundi kubwa kuliko watu wa taifa lolote jingine.

Katika siku hizo mtoto aliyekuwa hatarini alionekana. Alionekana ufuoni saa zisizo zake, alionekana na simu au viatu ambavyo kwao hawakumnunulia, na jirani mwenye jicho aliweza kumwambia mamaye. Sasa mwindaji hana haja ya kupanda ndege, wala mtoto hana haja ya kutoka nyumbani. Jicho la jirani halioni tena.

Kisha ikaja Machi 2020, shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021. Masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu. Nyumba ambazo zilikuwa na simu ya mulika mwizi tu zikajitahidi kupata simu janja, nyingine kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Shule zilipofunguliwa, simu haikurudi dukani. Ilibaki mikononi mwa watoto.

Mwaka 2021 mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalichapisha uchunguzi mwingine, huu ukihusu unyanyasaji wa watoto wa Kenya kupitia mitandao. Watoto 1,014 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walihojiwa. Mambo mawili katika uchunguzi huo yanastahili kuzingatiwa na kila mzazi. La kwanza, mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. La pili, watoto walio wengi hawapeleki habari kwa polisi wala kwa simu ya msaada, na wengine hawamwambii mtu yeyote. Wananyamaza kwa haya, na kwa kuogopa kwamba watakaoadhibiwa ni wao.

Namna wanavyoingia

Mwindaji haanzi na ubaya. Huanza na sifa: picha yako nzuri, sauti yako ya kusoma nzuri, wewe si kama wenzako. Hujifanya ni wa rika moja na mtoto, au ni dada mkubwa, au ni wakala wa kazi na ufadhili wa masomo. Hatua ya pili humtoa mtoto mahali pa wazi, kama ukurasa wa TikTok au mchezo wa simu, na kumpeleka kwenye mazungumzo ya wawili peke yao. Hatua ya tatu humjengea siri: hili tusimwambie mama. Hatua ya nne ni zawadi, bando au shilingi mia mbili za M-Pesa, ili mtoto ajione ana deni. Hatua ya tano ni kuomba picha moja tu. Akishaipata, uso wake wa kweli hutokea, naye hutishia kuisambaza kwa wazazi, kwa shule na kwa chuo asipotumiwa nyingine, au asipotumiwa pesa.

Mfano uliojulikana duniani ni wa Amanda Todd, msichana wa Kanada. Mtu mzima aliyekuwa akiishi Uholanzi alimtisha kwa picha kwa muda mrefu na kuzisambaza kwa waliomjua, mpaka binti huyo akajitoa uhai mwaka 2012 akiwa na miaka 15 tu. Mtu huyo alihukumiwa nchini Kanada miaka 10 baadaye, mwaka 2022, kifungo cha miaka 13. Bahari nzima iliwatenganisha, na haikumzuia. Tuzingatie kwamba picha peke yake haikumuua mtoto yule. Alilemewa na aibu, na kuona kwamba hana pa kukimbilia.

Tusidhani jambo hili ni la mabinti peke yao. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, imetahadharisha kwamba vitisho vya kudai pesa kwa picha huwalenga hasa wavulana wa miaka 14 hadi 17. Mvulana huamini anazungumza na msichana, kumbe ni kundi la matapeli. Na mvulana wa Pwani ana shida zaidi ya kusema, kwa kuwa tumemlea aone kwamba mwanamume hadhulumiwi.

Mlango mwingine ni fedha. Machi 2025 BBC ilitangaza maelezo ya wanawake wa Kenya waliosema kwamba walianza tangu ujana wao mdogo kujianika katika matangazo ya moja kwa moja ya TikTok, ambako watazamaji hutuma zawadi zinazogeuka kuwa pesa, na kampuni nayo huchukua fungu lake. Kanuni ya TikTok yenyewe yasema asitangaze moja kwa moja aliye chini ya miaka 18, lakini umri unaoandikwa na mtoto haumzuii mtoto. Kadhalika kamari. Sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18, na Qur'ani katika Sura ya Al-Maida aya ya 90 imeikataza kwa watu wote, lakini mvulana aliyeshika laini ya babaye anacheza kwa jina la babaye.

Mlango wa mwisho ni wa imani. Mwaka 2023 sote tulishuhudia msiba wa msitu wa Shakahola, katika kaunti yetu hii ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mahubiri ya kiongozi wa kundi lile yalikuwa yakirushwa kwa televisheni na YouTube. Tusiwanyooshee kidole majirani zetu. Miongoni mwetu pia wamo vijana waliochukuliwa na sauti za watu wasiojulikana elimu yao wala mashekhe wao, watu wanaotoa fatwa za damu kutoka mafichoni. Mtoto na afunzwe kuuliza: huyu amesoma kwa nani? Ni suala la zamani la wanazuoni wetu, na linafaa leo kuliko jana.

Simu ya mama

Watu wengi wanapozungumzia jambo hili huwaza mtoto mwenye simu yake. Katika nyumba zetu nyingi mtoto hana simu, bali hutumia ya mama. Kwa hivyo tuanze na simu ya mama na ya baba.

WhatsApp kwa kawaida huhifadhi yenyewe picha na video zinazotumwa vikundini, na kuziweka pamoja na picha za familia. Mama yumo katika kikundi cha harusi, kikundi cha chama na kikundi cha mtaa. Mtu mmoja akituma uchafu, au video ya ajali na maiti, imekwisha kuingia mahali ambapo mtoto wa miaka sita hufungua ili aone picha za Idi. Zima hifadhi hiyo ya moja kwa moja katika mipangilio ya programu. Katika mipangilio hiyo hiyo, ruhusu watu unaowajua peke yao wakuingize vikundini na waone picha yako. Namba ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto hata kama ni mwaminifu. Na lililo kubwa zaidi: kikundi kinachozoea kutuma maovu, toka. Mzazi hawezi kumkataza mwana kuangalia anachokiangalia yeye. Amri ya kuinamisha macho katika Sura ya An-Nur imeanza na waumini wakubwa.

Wako pia watoto ambao mama zao wako Jeddah, Muscat au Doha kutafuta riziki, nao wanalelewa na bibi. Kwa watoto hawa simu ndiyo uso wa mama na sauti yake, na kuwaambia waitupe ni kuwakata na mzazi wao. Wala bibi hawezi kuzijua programu zote. Hapa jamaa wasaidiane. Achaguliwe shangazi, mjomba au kaka mkubwa mmoja mwaminifu awe mwangalizi wa simu hiyo, mama aliye ng'ambo amjue, na mtoto naye ajue kwamba kuna mtu wa kumuendea.

Je, kukagua simu ya mtoto ni upelelezi?

Swali hili huulizwa sana na kina mama, na ni swali zuri, maana Sura ya Al-Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana. Jawabu langu ni kwamba usimamizi wa mlezi na upelelezi ni vitu viwili. Upelelezi ni kuifukua aibu ya mtu iliyositirika pasi na haki. Usimamizi ni amana. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga, na akawataja mwanamume na mwanamke katika nyumba yao.

Lakini mchunga mwema haviziani na kondoo wake. Usimamizi uwe wa wazi. Mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza: simu hii ni yetu sote, nitaiangalia mara kwa mara, na neno lake la siri nitalijua. Mtoto wa miaka minane asimamiwe kwa karibu kabisa. Wa miaka 12 akaguliwe akiwepo mwenyewe, akieleza nani ni nani. Wa miaka 16 apewe nafasi zaidi kadiri anavyoonyesha uaminifu, na tumuulize zaidi kuliko tunavyomkagua. Ukimpekua kijana kwa siri, ukamfumania, umejua kosa moja na umepoteza njia ya kujua mengine yote, kwa kuwa atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Zipo programu za kusaidia, kama Family Link ya Google, inayomwezesha mzazi kuweka saa za matumizi na kuidhinisha programu, na mpango wa TikTok wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Ni msaada mzuri, utumike. Hata hivyo kinga ya programu ni mfano wa ukuta wa ua: unapunguza wezi, lakini nyumba isiyo na mwenyewe ndani huvunjwa vivyo hivyo.

Tena tuzingatie zile nyakati tatu za aya ya 58. Sisemi kwamba aya imeteremka kwa ajili ya simu. Nasema kwamba ni nyakati za stara, na tunaweza kujifunza kwazo. Baada ya Isha simu zote, na za wazazi zikiwemo, ziwekwe ukumbini kwenye chaji, na zisichukuliwe mpaka baada ya Swala ya Alfajiri. Wakati wa mapumziko ya mchana, mtoto asijifungie chumbani na simu. Nyumba itakayoshika hili peke yake, bila ya gharama ya senti moja, imefunga nafasi kubwa ya madhara haya.

Mtoto akija kusema

Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama habari ya kijana aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimfikie, akaomba wazi wazi aruhusiwe kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamwita asogee karibu, akamketisha, akamuuliza kwa upole kama angelipenda jambo hilo kwa mamaye, kwa bintiye, kwa dadaye, kwa shangazi na khalati zake. Kijana akajibu kila mara kwamba hapendi, na watu nao hawapendi kwa ahali zao. Kisha Mtume akamwekea mkono na kumwombea msamaha, usafi wa moyo na hifadhi ya tupu yake.

Tuupime mwendo wetu kwa mwendo huo. Binti akimjia mama, anatetemeka, akasema, "Mama, kuna mtu ana picha yangu," neno la kwanza litakalotoka kinywani mwa mama ndilo litakaloamua mengi. Akipigwa kofi, mwindaji ameshinda, kwa sababu ndivyo alivyomwambia: ukisema watakuua. Mama amwambie, "Ahsante mwanangu kwa kuniambia. Hukuachwa peke yako. Tutalitengeneza pamoja." Makosa, kama yapo, yana siku yake ya kuzungumzwa, na siku hiyo si leo.

Kisha yafuate matendo kwa utaratibu. Usilipe pesa, kwani anayelipwa hurudi. Usifute mazungumzo, maana ndiyo ushahidi. Hifadhi namba, jina la akaunti na maneno ya vitisho, kisha mzuie mtu huyo na kumripoti katika programu yenyewe. Usiisambaze picha ya mtoto kwa yeyote, hata kwa nia ya kuomba ushauri katika kikundi cha jamaa, kwa sababu kuisambaza ni madhara ya pili na ni kosa la jinai. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ambayo hutengeneza alama ya picha ya aliye chini ya miaka 18 bila picha yenyewe kutoka katika simu, na alama hiyo huyawezesha makampuni makubwa ya mitandao yaliyojiunga nayo kuitambua na kuiondoa.

Piga simu namba 116, simu ya msaada wa watoto ya taifa. Haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ripoti katika kituo cha polisi. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ina kitengo maalumu cha kuwalinda watoto, nacho kina ofisi Mombasa pia. Na kama mtoto amekwisha kukutana na mtu huyo na kuguswa mwili wake, hospitali ni kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo, na isipite saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zina wakati wake.

Stara ni ya nani?

Hapa nafika kwenye jambo zito kuliko yote, na naomba lisomwe kwa subira. Mambo haya yanapotokea, mara nyingi hayafiki polisi. Huletwa kwa wazee, kwa maimamu na kwa masheikh, ili yafanyiwe maslaha. Hukaa watu barazani, ikatajwa fidia, ikasomwa fatiha, yakaisha. Hoja inayotolewa ni stara: tusimwanike mtoto, tusiivunje heshima ya ukoo.

Stara ni sehemu ya dini yetu, wala sitaki kuipunguza. Mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri. Lakini ni lazima tuulize: katika maslaha haya, anayesitiriwa ni nani? Mtoto ameumia na bado ameumia. Hakuulizwa wala hakutibiwa. Aliyesitiriwa ni mtenda, naye anarudi katika simu yake jioni hiyo hiyo, na mtoto wa pili anangoja zamu yake bila kujua. Stara ya dini ni kwa mja aliyeteleza baina yake na Mola wake akatubia. Haikuwekwa iwe pazia la mtu anayewadhuru viumbe wengine. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipofundisha tumsaidie ndugu yetu hata akiwa dhalimu, alieleza kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhuluma. Na haki ya mtoto si mali ya babaye wala ya ami yake hata waisamehe kwa mbuzi na shilingi elfu kadhaa.

Sheria ya nchi nayo haina shaka katika hili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemkinga mtoto waziwazi na unyanyasaji wa mitandaoni, ikiwemo kumrubuni na kumwonea kwa njia ya mtandao. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, kifungu cha 24, imeweka kwa picha chafu za watoto faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Mimi ni miongoni mwa wanaoitwa katika vikao vya usuluhishi, na nawaambia wenzangu wa vilemba na kanzu: ugomvi wa mipaka ya shamba tusuluhishe, mume na mke waliokosana tuwapatanishe, lakini aliyemdhuru mtoto hana maslaha kwetu. Kazi yetu katika siku hiyo ni kumsindikiza mzazi mpaka kituoni, kukaa naye hapo kwenye benchi, na kuwanyamazisha wanaomsema mtoto mtaani. Hiyo ndiyo stara anayoistahiki. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Wajibu wa shule na chuo

Shule nazo zina sehemu yao, na nyingine ni nyepesi kutekeleza. Ya kwanza ni picha. Shule na madrasa zetu hupenda kuweka mitandaoni picha za watoto wa mashindano ya Qur'ani, za maulidi na za mahafali, zikiwa na jina kamili, darasa na sare. Nia ni njema, lakini humpa mwindaji kila anachokihitaji. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja jijini Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Kila shule na chuo kiwe na fomu ya idhini, na picha inayotoka isiwe na jina la mtoto.

Ya pili ni mawasiliano. Mwalimu asizungumze na mwanafunzi mmoja mmoja kwa ujumbe wa faragha. Jambo la masomo lipitie kwa mzazi au katika kikundi ambacho wazazi wamo. Tunajua hukumu ya faragha ya mwanamume na mwanamke ajnabi. Faragha ya simu nayo ni faragha.

Ya tatu ni kuripoti. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa waraka wake namba 3 wa mwaka 2010, iliwalazimisha walimu kuripoti unyanyasaji wa wanafunzi, na kuficha ni kosa. Ustadh wa chuo hayuko chini ya TSC. Kwa sababu hiyo kamati za misikiti na madrasa ziandike kanuni zao wenyewe, zibandikwe ukutani, na zimtaje mwalimu mmoja wa kike na mmoja wa kiume ambao mtoto anaweza kuwaendea. Chuo ambacho mtoto hupigwa kwa kukosea herufi, hakitaambiwa na mtoto jambo kubwa kuliko herufi.

Ya nne ni mafunzo. Somo la kompyuta lisiwe la kubonyeza tu. Mtoto afundishwe adabu za mtandao kama anavyofundishwa adabu za chakula: kutotuma picha, kutotaja shule na mtaa, kuhakiki habari kabla ya kuieneza, kama inavyotufunza Sura ya Al-Hujurat aya ya 6, na kutomcheka mwenzake aliyeanikwa. Shule iwaite wazazi mara moja kila muhula, na mkutano uwekwe saa ambayo mama mwenye biashara ya asubuhi anaweza kufika.

Ya kuanza nayo wiki hii

Ili maneno haya yasiishie karatasini, nawaomba kila familia ianze na haya matano:

1. Simu zote zilale ukumbini kuanzia baada ya Isha.
2. Zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja katika WhatsApp ya mama na ya baba, na toka katika vikundi vichafu.
3. Mtoto aliye chini ya miaka 13 asiwe na akaunti ya TikTok, Facebook, Instagram wala WhatsApp. Kanuni za makampuni yenyewe zinamkataza.
4. Mfundishe mtoto namba 116 kwa moyo, kama anavyoijua namba ya simu ya nyumbani.
5. Mwambie mwanao kabla halijatokea jambo: "Ukikosea, ukitishwa, njoo kwangu. Sitakupiga kwa kuniambia ukweli." Kisha uitimize ahadi hiyo.

Wahenga wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulingoja mpaka mtoto atoke mlangoni. Siku hizi unamfuata chumbani, basi nasi tumtangulie kwa ilimu, kwa upendo na kwa dua. Katika Sura ya At-Tahrim aya ya 6 tumeamrishwa kujikinga nafsi zetu na ahali zetu, na amri hiyo haikumbagua mwenye elimu ya simu na asiyekuwa nayo.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu na shari ya wanaoonekana na wasioonekana, wape wazazi subira na busara, wape walimu uaminifu, na waponye watoto waliodhulumiwa, uwape mtu wa kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.